Kabla ya Kumchagua Mwalimu, Mtazame Farasi

Farasi wengi tunaowapanda huku Karen, Nairobi, walianzia kwenye mbio katika uwanja wa Ngong. Wangu ni mmoja wao. Farasi kama huyu akistaafu hufunzwa upya, na mwenyewe hufunzwa pamoja naye. Nimepitia mikononi mwa walimu kadhaa, na ushauri wangu ni huu: vikombe vya mwalimu viangalie baadaye, anza na farasi anaowafundisha.

Omba kutazama somo kabla ya kulipa. Angalia masikio, mkia na mdomo. Farasi anayelaza masikio, anayepigapiga mkia, anayeachama au kurusha kichwa kila mara, huenda anaumia. Mwaka 2018, daktari wa mifugo Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitoa orodha ya tabia 24 za kuchunguza farasi anapopandwa. Zikijitokeza 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ana maumivu. Mwalimu mzuri husimamisha somo, akakagua tandiko, mgongo, meno na kwato. Anayekimbilia mjeledi, achana naye.

Sikiliza anavyoelekeza mikono. Farasi huelewa pale unapoacha kumbana. Umevuta kigwe, amesimama: legeza papo hapo. Mwalimu anayesema "vuta" somo zima bila kusema "legeza" anamchanganya farasi.

Uliza kama anawajua farasi wa mbio. Hawa wamezoea kuegemea lijamu wanapokimbia, kwa hiyo ukimvuta sana huenda akazidi kukaza mwendo. Tena joki hupandishwa mara nyingi farasi akiwa anatembea, hivyo kusimama tuli apandwe ni somo jipya kwake. Mwalimu wangu wa sasa alianzia hapohapo: kusimama, kutembea, kugeuka. Hakutaja kuruka vizuizi mpaka farasi alipotulia, na utulivu ule ndio uliotufikisha tulipo.

Zungumza na saisi. Ndiye anayewapokea farasi baada ya somo, akaona vidonda vya mdomo na migongo iliyovimba. Msalimie vizuri, muulize angempa mwalimu yupi farasi wake mwenyewe. Jibu lake nalithamini kuliko tangazo lolote.

Jipime na wewe. Mweleze mwalimu hofu zako waziwazi. Je, anakueleza sababu za anachokuagiza? Anasisitiza kofia ngumu? Ana cheti kinachotambulika, kama vile cha British Horse Society, na anajua huduma ya kwanza? Ukiuliza "kwa nini" akakasirika, hamtafika mbali.

Mkikubaliana, anzeni kwa muda wa majaribio, na usione haya kuhama mambo yakienda kombo. Farasi hana uwezo wa kumkataa mwalimu. Kazi hiyo ni yako.