Abiria Mwenye Haki: Somo Kutoka Ndani ya Daladala



Wapendwa wasomaji, Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti na wa kudumu wa kumpa kila mtu kinachomstahili. Darasani tunalielewa jambo hili upesi. Likizo iliyopita, mafrateri wawili tulipopanda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, tulishindwa mtihani wake. Kwa sababu hiyo tunawaletea somo hili fupi.

1. Kabla ya kupanda

Tusome mbele ya gari linakotoka na linakokwenda, na tusione haya kumuuliza konda, maana wapo wanaokatisha ruti. Tuandae nauli ya chenji. Noti ya elfu kumi alfajiri huwasumbua wote. Mlango ukifunguliwa, tuwaache kwanza wanaoshuka. Kurusha mkoba dirishani ili kuwahi siti ni kumnyang'anya nafasi aliyetangulia kufika kituoni.

2. Ndani ya gari

Tusogee nyuma ili wengine wapate pa kusimama. Begi la mgongoni tulivae kifuani: halitamgonga mtu, na vilivyomo vitakuwa salama. Mzee, mgonjwa, mjamzito na mama mwenye mtoto tuwapishe siti kabla hawajaomba. Tukiwa tumekaa, tumpakatie mzigo aliyesimama. Tumkumbuke pia mwanafunzi: yeye hulipa nauli pungufu, ndiyo maana makonda wengine humzuia mlangoni. Neno letu moja la upole laweza kumpandisha.

3. Nauli

Hapa ndipo tulipoanguka. Gari lilijaa, konda akapita akikusanya nauli, akaturuka. Tulitazamana, tukanyamaza. Tuliposhuka Kariakoo, mmoja wetu akasema, "Si hakuuliza?" Mwingine akaongeza kwamba mwenye gari ni tajiri, hatapungukiwa.

Hoja zote mbili ni mbovu. Deni la nauli huanza tunaposafirishwa, si tunapodaiwa. Konda kusahau hakulifuti. Hoja ya pili haijui daladala inavyoendeshwa. Katika magari mengi, dereva na konda humpelekea mwenye gari hesabu iliyopangwa kwa siku. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho wanachogawana. Basi nauli tuliyoificha haikumpunguza tajiri. Ilipunguza unga nyumbani kwa konda.

Katekisimu (na. 2412) inatufundisha kwamba kilichochukuliwa isivyo haki hurudishwa kwa mwenyewe. Zakayo naye hakuishia kusikitika, alirudisha. Kwa hiyo tulikwenda kituoni siku mbili kumtafuta konda yule. Namba za gari hatukuzishika, na hatukumpata. Tuliporudi seminarini, padre mlezi wetu alitueleza kwamba mwenye mali akitafutwa kweli asipatikane, mali yake hupewa maskini. Tulifanya hivyo. Lakini aliyepokea siye tuliyemdhulumu, na jambo hilo bado linatuuma. Kulipa kwa wakati ni rahisi sana kuliko kurudisha.

4. Kushuka

Tuseme "Shusha!" mapema, kabla gari halijapita kituo. Tusiruke gari likiwa kwenye mwendo, wala tusivuke barabara kwa kupita mbele yake lilipo. Tusubiri liondoke tuone pande zote mbili. Na tumwambie konda ahsante. Siku nzima amesimama mlangoni kwa ajili yetu.

Maswali ya kujichunguza

- Je, tumewahi kupewa chenji iliyozidi tukanyamaza?
- Ni nani tuliyemwona amesimama, tukajifanya tumelala?
- Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, yupo konda, dereva au utingo? Tunamfahamu kwa jina?

Fadhila hujengwa kwa matendo madogo yanayorudiwa. Wengi wetu hupanda daladala mara mbili kwa siku. Nafasi za kujizoeza haki tunazo tele. Mungu atujalie kuzitumia. Amina.