JUA, CHUPA NA KIPIMO



Akina mama wengi huanika vyombo juani wakijua jua linasafisha. Lakini je, jua huuaje viini vya maradhi, na linahitaji muda gani? Hilo ndilo somo letu, maana tukikosea muda, watoto wataendelea kuhara.

Mwaka 1877 kule Uingereza, Downes na Blunt walitia maji yenye chakula cha bakteria katika vichupa. Vilivyokaa juani vilibaki maji safi. Vilivyofunikwa visipate mwanga vilichafuka kwa bakteria walioota humo.

Miale huuaje?

Ndani ya kila bakteria mna nyuzi nyembamba sana zenye maagizo ya uhai: jinsi ya kukua na kuzaana. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho hupenya maji na kuharibu nyuzi hizo, pamoja na sehemu nyingine za mwili wake. Bakteria asiyeweza kuzaana hawezi kutuletea ugonjwa.

Kwa nini kipimo?

Fikiria watoto wanaotupia mwembe mawe wakiwa wamefumba macho. Maembe yakiwa mengi, mawe mengi yanaangusha. Yakibaki matatu tu, mawe mengi yanapita bure. Miale nayo hailengi. Friedrich Dessauer wa Ujerumani mwaka 1922, na J. A. Crowther wa Uingereza mwaka 1924, walitumia hesabu ya shabaha ya namna hii kueleza jinsi miale inavyoathiri viumbe hai.

Tuchukue mfano. Tuseme kila saa ya jua inaua bakteria 9 katika kila 10. Ukianza na 10,000, baada ya saa moja wamebaki 1,000, saa ya pili 100, saa ya tatu 10. Saa ya kwanza iliua 9,000, ya tatu 90 tu, ingawa jua ni lile lile. Kwa hiyo ukitoa chupa mapema ati "wengi wamekufa," wale waliobaki bado wanaweza kumlaza mtoto.

Ushahidi wa hapa Kenya

Kipindupindu kilipoingia katika jamii ya Wamaasai iliyokuwa ikijaribu njia hii, watoto wa chini ya miaka 6 walihesabiwa. Kati ya 155 waliokunywa maji ya juani, waliougua ni 3. Kati ya 144 wengine, waliougua ni 20. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Kwa wakubwa tofauti haikuonekana, hivyo waliofaidika ni wale wadogo.

Jinsi ya kufanya

1. Tafuta chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ioshe, utoe karatasi yake.
2. Maji ya matope yachuje kwanza, kwa sababu matope huwakinga bakteria na miale.
3. Ilaze juu ya mabati tangu asubuhi, saa 6 za jua kali. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo.
4. Kunywa kutoka chupa hiyo hiyo. Usimimine kwenye mtungi mchafu.

Kumbuka: jua haliondoi chumvi wala dawa za shambani.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini saa 3 hazitoshi?
2. Msimu wa mvua tutafanyaje?
3. Nani ataangalia chupa sisi tukiwa shambani?