Gari Kuukuu Linapokohoa Njiani

Injini ya petroli inayokosa moto mara moja moja humsumbua fundi kuliko iliyokufa kabisa, kwani ikifika gereji huwa imetulia. Hatari yake iko barabarani: dereva anapita lori mlimani, nguvu zinapotea, na gari jingine linakuja mbele.

Uchunguzi huanza na dereva mwenyewe kuandika ni lini gari hukohoa. Likisumbua asubuhi za mvua au baada ya injini kuoshwa, hukaguliwa kwanza waya za plagi na kofia ya distributa, kwa sababu unyevu hupitisha umeme kwenye nyufa. Usiku, boneti ikiwa wazi na injini ikinguruma, mara nyingi cheche za samawati huonekana zikiruka kwenye waya uliopasuka. Mikono ikae mbali. Likisumbua injini ikishapata joto tu, koili hushukiwa. Mlimani pekee? Huenda ni plagi zilizochakaa au chujio la petroli lililoziba.

Kisha injini huzimwa ipoe, plagi zitolewe na kupangwa kwa nafasi zake. Yenye masizi makavu huashiria petroli nyingi au moto hafifu. Plagi inayoshukiwa hubadilishana nafasi na jirani yake; kosa likihamia silinda ile nyingine, plagi ndiyo mbovu. Likibaki palepale, waya nao hujaribiwa vivyo hivyo. Kununua plagi, waya na koili vyote kwa mkupuo ni kubahatisha kwa pesa za mwenye gari.

Plagi iliyolowa oili ni habari nyingine: oili inapenya ndani ya silinda, na hapo fundi hupima kompresheni kabla ya kuuza chochote.