Kabla ya kuwasha kipimo cha mtumba

Umenunua mita au osiloskopu kuukuu Mwanza? Usikimbilie swichi.

1. Soma kibao cha nyuma: kifaa cha Marekani hutaka volti 120, umeme wetu ni 230. Tumia transfoma.
2. Betri ikiwa imevuja, safisha vishikizo kwa siki, kisha vikaushe.
3. Unyevu wa ziwani huleta kutu. Zungusha kila swichi mara kadhaa kifaa kikiwa kimechomolewa.
4. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyoungwa mfululizo. Ikibaki kuwaka sana, zima haraka: kuna shoti.
5. Usizidishe ukubwa wa fyuzi, wala usiweke waya badala yake! Hapo ndipo transfoma huungua.
6. Osiloskopu ya kioo hubeba maelfu ya volti, hata ikichomolewa. Mwachie fundi aliyeizoea.
7. Jaribu mita kwa betri mpya ya volti 1.5; ikisoma mbali na hapo, usiiamini unapotengeneza redio.