Stesheni ya Forodhani: Mwongozo wa Kuifuata Reli ya Bububu

Msafiri anayefika Forodhani, ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe wa Unguja, huelekezwa kwanza Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ingawa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hakuna sababu ya kumlipa mtu alisimulie jumba hilo akiwa amesimama barabarani. Jirani yake ipo Ngome Kongwe, ambako ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Bububu, kaskazini mwa mji, na mahali hapo panafaa kutengewa muda mrefu zaidi kuliko majumba yote ya masultani.

Reli hiyo haikuwa ya kwanza Unguja, kwa kuwa Barghash alikwisha kutandika njia ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani mwaka 1879, ambayo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu kabla ya kuletwa injini ya mvuke; lakini hiyo ilikuwa starehe ya mtawala, nayo ilikufa pamoja naye mwaka 1888. Reli ya Bububu, iliyojengwa mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ilikuwa na urefu wa maili 7, yaani kilomita 11 hivi, na abiria wake wengi walikuwa wenyeji, ingawa lilikuwapo pia behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya wageni walioshuka melini. Ngome yenyewe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, iligeuzwa karakana na bohari ya reli. Barabara zilipotengenezwa na magari kuongezeka, safari za abiria zilikoma mwaka 1922. Njia iliyosalia ikabeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa.

Mgeni asitarajie kuona jukwaa la abiria wala mataruma, yaani magogo yanayolala chini ya reli. Kinachosomeka ni njia yenyewe: aanzie ngomeni, apite Malindi, kisha afuate pwani kuelekea kaskazini hadi magofu ya makasri ya Maruhubi na Mtoni, na amalizie Bububu. Kuitafuta njia ya Chukwani ni kupoteza siku.

Usumbufu mkubwa uko bandarini Malindi, ambako wapagazi hunyakua mizigo bila kuombwa, kisha hutaja ujira baada ya hatua chache, na ambako papasi, yaani madalali wa mitaani wanaoishi kwa kamisheni, humfuata mgeni hadi mlangoni mwa hoteli na gharama yao huingizwa katika bei ya chumba. Dawa yake ni kushika mzigo kwa mikono miwili, kukataa mara moja kwa upole, na kutembea, kwa sababu kutoka bandarini hadi ngomeni ni mwendo mfupi wa miguu. Anayetoka Bara na achukue kitambulisho, kwani nauli ya boti ya mwananchi hulipwa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko ya mgeni. Chakula cha usiku cha Forodhani kinasifiwa kupita kiasi: pweza na kamba huchomwa mapema na kupashwa moto tena, na asiyeuliza bei kabla ya kuonja hutozwa kwa kukadiriwa sura.

Teksi ya kwenda Bububu haina maana kwa safari hii. Daladala namba 502 hufika huko kwa nauli ndogo, na kituo chake kiulizwe kwa muuza duka, si kwa dereva wa teksi. Kwa kuwa gari la moshi lilishindwa na magari ya barabarani, daladala ndiyo mrithi wake halali, na abiria wake, wanaokwenda sokoni na kurudi makwao, ndio wale wale ambao reli hiyo iliwahudumia. Kasri huonyesha mtawala alivyokaa. Njia hii huonyesha watu wa Unguja walivyosafiri, na hilo ndilo jambo linalostahili nauli ya mgeni.