Perege wa Igombe wakati wa baridi

SWALI: Ninavua kwa ndoano ukingoni mwa bwawa la Igombe, hapa Tabora. Tangu Juni iingie, perege hawagusi chambo alfajiri. Wamehama?

JIBU: Hawajahama, ndugu yangu, wamepoa. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji ya kina kifupi ndiyo hupoa upesi. Yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi, perege hupunguza sana kula. Acha kudamka. Nenda saa tano, jua likishapasha ukingo, ubaki hadi saa kumi.

Tazama na upepo. Msimu huu huvuma kutoka kusini-mashariki, ukisukuma maji ya juu yenye joto kuelekea ukingo wa kaskazini-magharibi. Keti huko, upepo ukupige usoni. Si raha, lakini samaki wako huko. Ziwa Tanganyika hufanya hivyo kwa ukubwa zaidi: kusi husukuma maji ya juu kaskazini, na upande wa Kasanga, kusini mwa ziwa, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini.

Tumia ndoano ndogo, kipande cha mnyoo na chubwi nyepesi, kwa sababu perege aliyepoa hafukuzi chambo. Usingoje boya lizame. Likitikisika tu, vuta.