Ini la Panya na Ini la Mtu

Mtu wa Kamenu aendapo sokoni Thika kununua gorogoro ya mahindi, kwanza hutazama bei, kisha hutazama kama yametobolewa na fukusi. Ni wachache wanaoinusa punje au kuichunguza kama ina kuvu. Makala hii yahusu kuvu hiyo, na yahusu panya pia, kwa kuwa panya ndiye aliyewaonyesha wataalamu jinsi kuvu inavyoweza kuleta saratani ya ini. Panya tunaowanena si hao waingiao ghalani usiku, bali ni wale wa maabara, ambao chakula chao hupimwa na siku zao huhesabiwa.

Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Nyakati hizo hizo vifaranga wa bata nao walikufa Kenya na Uganda. Walipochunguza, wataalamu walikuta kwamba ndege hao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na sumu yake wakaiita aflatoksini. Mwaka uliofuata jarida la Nature lilitoa habari kwamba panya waliolishwa mashudu ya namna hiyo walipata uvimbe wa saratani katika ini.

Hapa mfasiri ana shida kidogo, maana katika lugha yetu mtu aliyeumwa na nyuki ana uvimbe, na mwenye jipu vilevile. Lakini uvimbe wa nyuki hushuka. Huu haushuki, kwa sababu chembe za mwili zenyewe zimeacha kutii amri ya kukoma kuzaana. Chembe moja iliyoharibika huzaa nyingine kama yenyewe, nazo huzaa tena, hata ini lote likasongwa.

Sasa msomaji ataniuliza: Mimi si panya, basi yanihusu nini? Swali hilo ni la haki, na wataalamu wenyewe walijiuliza. Mwaka wa 1974 ilitangazwa Marekani kwamba panya waliolishwa sumu hii kwa kiasi cha sehemu 100 tu katika sehemu bilioni za chakula walipata uvimbe wa ini wote pia. Lakini wale panya wadogo, jamaa wa hao wanaokimbia jikoni mwetu, walilishwa kiasi kikubwa zaidi kuliko hicho wala wasipate kitu. Wanyama wawili wanaofanana hivyo, mmoja afa na mwenziwe apona! Kama panya hawezi kumsemea panya mwenzake, atamsemeaje binadamu?

Jibu limo ndani ya ini. Sumu hii ikiingia mwilini, ini huibadili iwe kitu kikali kiwezacho kushika na kuharibu maagizo ya urithi yaliyomo katika chembe. Panya mdogo aliyekomaa ana kimeng'enya chenye nguvu kinachokidaka kitu hicho na kukifunga kabla hakijadhuru. Panya mkubwa hana nguvu hiyo ya kutosha. Na mtu je? Katika jambo hili ini la mtu ni dhaifu pia, likifanana na la panya mkubwa kuliko la panya mdogo.

Hata hivyo mtu hawezi kutiwa kizimbani akalishwa sumu ili atazamwe. Ilibidi watu watazamwe mezani pao wenyewe, na kazi hiyo ilifanyika karibu sana nasi, katika wilaya ya Murang'a. Wataalamu wawili, Peers na Linsell, waliigawa wilaya kwa kimo cha nchi: juu kwenye baridi, katikati, na chini kwenye joto. Walikusanya chakula kilichokwisha kupikwa katika nyumba za watu, na pombe pia, wakapima sumu iliyomo. Kisha wakahesabu wagonjwa wa saratani ya ini katika kila sehemu. Mwaka wa 1973 walitangaza kwamba penye sumu nyingi zaidi chakulani ndipo palipokuwa na saratani nyingi zaidi. Binafsi nauheshimu ushahidi huu wa sufuria kuliko ule wa maabara.

Lakini zipo tofauti ambazo panya hawezi kutuonyesha. Panya wa miaka miwili ni mzee, kwa hiyo uvimbe wake huonekana upesi. Mtu hula kidogo kidogo miaka ishirini, thelathini, na siku ugonjwa unapojitokeza amekwisha sahau gunia lililomdhuru. Tena panya hapati virusi vya homa ya ini aina ya B, navyo mtu huvipata. Huko Shanghai, China, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa, na habari zilizotolewa mwaka wa 1994 zilieleza hivi: mwenye dalili za sumu peke yake, hatari yake ya saratani ya ini ilizidi mara 3 hivi, mwenye virusi peke yake, mara 7, mwenye vyote viwili, karibu mara 60.

Hapa kwetu sumu hii haikungoja miaka. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua ini ghafula kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 125 wakafa. Wilaya zilizopigwa zilikuwa Makueni, Kitui, Machakos na Thika.

Sheria ya Kenya yakataza mahindi ya kuuzwa yazidi sehemu 10 za sumu katika bilioni. Katika gunia la kilo 90 hiyo haifiki hata miligramu moja, yaani uzito wa chembe chache za chumvi. Kwa hiyo jicho halitoshi kuipima, na moto wa jikoni hauimalizi. Wala usimpe ng'ombe mahindi mabovu ukidhani umeokoa kitu, maana sumu hutokea tena katika maziwa. Kwa upande wa virusi, watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka wa 2001; mtu mzima aweza kupimwa damu hospitalini.

Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hata unyevu ushuke chini ya sehemu 13.5 katika mia. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie punje na chumvi kavu kidogo, aitikise dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayo bado ni mabichi, yarudishwe juani.